Kompyuta ya Baba Imegoma Kuamka

Tarehe 3 Februari

Mpendwa mke wa mwanangu,

Natumaini barua hii imewakuta wazima, wewe na mwenzako na mjukuu wangu Kidomo. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, nikishuka halina neno, kwa hiyo siku hizi napenda zaidi kushuka. Jirani yangu mshonaji anawasalimu sana. Ameongeza cherehani ya pili na vitambaa vimejaa mpaka nje. Mteja anayekuja kwangu lazima apite katikati ya magauni ya watu.

Nakuandikia wewe kwa sababu najua mwenzako ana kazi nyingi, anashinda akitengeneza kompyuta za maofisi, nami sitaki kumsumbua. Jambo lenyewe ni hili. Kompyuta ya karakana imegoma. Jumatatu asubuhi niliibonyeza kama kawaida, taa ya mbele ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha tena. Nyeusi. Nikaenda kunywa chai, nikarudi. Nyeusi vilevile.

Unajua mashine yangu ya kuchonga haiendi bila kompyuta hiyo. Niliulizia mpya katika duka la mjini, muuzaji akautazama waya wa mashine niliokwenda nao kama mtu aliyeletewa mfupa wa mnyama asiyejulikana. Akasema kompyuta za siku hizi hazina tundu la kuingiza kitu kama kile. Halafu herufi zangu zote, zile nilizozichora kwa mkono na unayemjua akaziingiza humo, zimo humo tu, hazipo mahali pengine.

Nimepewa kazi ya vibao vya milango ya jengo jipya la hospitali, kuanzia mapokezi mpaka chumba cha kufulia. Nimemaliza vya ghorofa ya chini, vya juu bado.

Kama huko yupo mtu anayejua mambo haya, muulize. Kama hayupo usihangaike.

Ni mimi,
Baba


Tarehe 19 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika Ijumaa nikiwa nimelala na mafua, ikanitoa kitandani. Kidomo ameng'oka meno mawili ya mbele. Sasa maneno yanamtoka na upepo, lakini hayajapungua hata moja. Darasani kwangu watoto wa chekechea ni wengi kuliko viti mwaka huu, tunakaa mkekani kwa zamu, na kila mmoja anadai zamu yake imeibwa. Baba Kidomo hajambo.

Nimempata mtu anayejua. Amenitajia la kuandika huku akizunguka jikoni, kwa hiyo ukiona neno limepinda, kosa ni langu. Anasema kabla hujafungua chochote ung'oe waya ukutani. Hilo amelirudia mpaka nikamwambia nimelisikia.

Anza na skrini. Chomoa waya wake, uurudishe ukaze, na kama unaweza kuazima skrini nyingine ujaribu nayo. Halafu fungua ubavu wa kasha. Ndani utaona betri ndogo ya duara, kama ya saa kubwa ya mkononi. Ibadilishe, maana ya zamani itakuwa imeisha. Angalia pia kama feni inazunguka.

La muhimu kuliko hayo ni sauti. Anasema kompyuta ya umri ule, ukiiwasha, hulia kabla ya kuonyesha kitu. Ikilia piii moja fupi, yenyewe ni nzima na ubaya uko kwenye skrini. Ikilia mlio mrefu unaojirudia, kuna kitu ndani hakijakaa sawasawa, na hiyo ni kazi ndogo. Ikikaa kimya kabisa, hapo pana shughuli. Kwa hiyo isikilize vizuri, utuandikie inaliaje.

Au ungepiga simu tu, Baba. Mngeyamaliza kwa mazungumzo ya mara moja. Namba yetu ni ileile.

Mkwe wako akupendaye


Tarehe 8 Machi

Mpendwa mke wa mwanangu,

Pole kwa mafua. Mwambie Kidomo meno yataota, na mapya yatakuwa makubwa kuliko uso wake kwa muda, asiogope kioo. Huku mvua imetupiga wiki nzima. Paa la karakana limevuja pembeni, upande wa mbao, si upande wa mashine. Nimeshukuru kwa hilo.

Nimefanya yote. Skrini niliazima kwa karani wa mwenye nyumba, nayo ikawa nyeusi kama yangu, nikairudisha kabla hajabadili mawazo. Betri nimeweka mpya. Feni inazunguka. Niliweka kiganja nyuma ya kasha nikapata upepo mzuri tu.

Kuhusu mlio, hakuna. Niliinama nikaweka sikio kwenye kasha lenyewe mpaka shavu likashika vumbi. Kimya. Nikajaribu tena kesho yake kabla watu hawajafungua maduka, barabara ikiwa haina magari. Kimya kabisa.

Simu yangu iko kwenye droo. Siku hizi watu wanaongea kwenye simu kama wamezibwa mdomo kwa kitambaa. Barua ni bora. Mtu anaisoma mara mbili na hakuna anayemwona.

Mshukuru huyo mtu wako. Mwambie waya niliung'oa ukutani kila mara, hata kama alidhani nitasahau. Anaonekana kunijua kiasi.

Baba


Tarehe 27 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Pole na paa. Sisi wazima. Kidomo amechaguliwa kuwa mti katika mchezo wa shule. Tulimweleza kwamba mti hausemi, akarudi kwa mwalimu wake kuomba awe mti unaosema. Amekubaliwa.

Mtu anayejua amekunja uso kwa habari ya kimya hicho. Anasema huenda umeme unaoingia ni dhaifu, unatosha kuwasha taa na kuzungusha feni, hautoshi kuamsha vingine. Kazini kwake kulikuwa na kompyuta ya umri uleule inakwenda kutupwa. Amekiomba kile kisanduku chake cha umeme, kile kinachopokea waya wa ukutani, na tumekifunga ndani ya fulana zangu mbili za zamani. Dereva wa basi la Jumamosi atakiacha kwa mshonaji. Fulana usizirudishe, futia mafuta.

Waya zake ni nyingi, zisikutishe. Kila mmoja amefungiwa uzi wa rangi, na kwenye karatasi iliyomo amechora kila rangi inakwenda wapi. Ukimaliza, washa usikilize tena. Anasema lazima itoe sauti, hata iwe ndogo namna gani.

Nilimwambia akuandikie mwenyewe. Akasema mimi nina mwandiko mzuri.

Mkwe wako


Tarehe 18 Aprili

Mpendwa mke wa mwanangu,

Nimefurahi kwa habari ya mti unaosema. Goti limetulia. Mshonaji amepata wateja wa sare za shule, cherehani zake zote mbili zinakimbia tangu asubuhi. Najua kwa sababu ukuta wetu ni mmoja na makopo yangu ya rangi yanatetemeka kwenye rafu.

Mzigo ulifika salama. Kisanduku nimekifunga, kila uzi na mahali pake. Mchoro ulikuwa safi. Fundo la nyuzi zile nilimfundisha mtu fulani akiwa darasa la nne, tulipokuwa tunafunga vibao pamoja kupeleka kwa wateja. Sijasema kitu, nataja fundo tu.

Niliwasha. Taa, feni, skrini nyeusi. Nilisikiliza kutoka mbele, kutoka nyuma, na kwenye matundu ya ubavuni. Hakuna sauti.

Msimamizi wa jengo la hospitali alikuja. Ni mtu mpole, anaongea akitazama sakafu, inakuwa taabu kumwelewa. Nilimwambia ndiyo, akaondoka. Mshonaji ndiye aliyenieleza baadaye kwamba nimekubali kuwapa vibao vya juu kabla ya mwisho wa Mei.

Muulize mtu wako kama bado kuna njia.

Baba


Tarehe 30 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, namshukuru Mungu.

Sina habari nzuri, nami sijui kuizungusha. Anasema kama umebadilisha kisanduku cha umeme na bado hailii, basi ubao mkuu umekufa, ule mpana ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Ametafuta mwingine wa aina ile kwa watu wote wanaouza vipande vya zamani. Haupo. Ukipenda, toa diski uitume na dereva, huenda herufi zako zikaokolewa zikabaki kama picha. Ila mashine ya kuchonga haitakuwa na wa kuiendesha.

Nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Alisema, "Kama hailii, haina la kusema." Akaenda kukaa nje.

Pole sana, Baba. Najua si kompyuta tu.

Mkwe wako


Tarehe 12 Mei

Mpendwa mke wa mwanangu,

Sijambo. Barua yako niliisoma nikaiweka juu ya mashine, nikakaa siku kadhaa bila kufanya lolote la maana. Nilifagia. Nilipanga bisibisi kwa urefu. Nilimwandikia msimamizi wa hospitali barua ya kumwomba radhi, sikuipeleka. Nilianza kufikiri nimrudishie mwenye nyumba karakana yake, maana vibao vya kuchonga kwa mkono vitanichukua mwezi kwa mlango mmoja na macho nayo si ya zamani.

Juzi niliamua kuitoa diski kama mlivyosema. Kabla ya kufungua kasha niliiwasha kwa mara ya mwisho, labda kwa mazoea tu. Jirani yangu mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, gauni la mteja begani na pini mdomoni. Akazitoa pini.

"Mzee wangu, hiyo mashine yako itaacha lini kulia?"

"Kulia vipi?"

"Piiii, piiii, piiii. Kila ukiiwasha, tangu Februari. Wateja wangu wanauliza kama nafuga ndege."

"Na sasa inalia?"

Alinitazama, akaitazama kompyuta, akanitazama tena. Akasogea mpaka mbele yangu ndipo akajibu. "Sasa hivi inalia. Inalia sana."

Niliweka mkono juu ya kasha. Nikamwomba anieleze vizuri. Akasema ni milio mirefu, mmoja ukiisha mwingine unaanza, haikomi mpaka nizime. Nikazima. Akasema imekoma.

Kwa hiyo nakuarifu kwamba mlio upo. Ni mrefu na unajirudia. Muulize mtu wako maana yake. Mengine sina la kuongeza.

Baba


Tarehe 19 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuandikia haraka ili barua iwahi basi la kesho.

Mlio mrefu unaojirudia ni vibao vya kumbukumbu. Ni viwili, vyembamba, virefu kama rula ya mtoto, vimesimama wima karibu na feni ya katikati. Ng'oa waya ukutani (ndiyo, amesema tena). Bana vishikio vya pembeni, vitoe. Kwenye ukingo wa chini vina meno ya rangi ya dhahabu ambayo yameshika uchafu. Yasugue taratibu kwa raba ya kufutia penseli, upulize vumbi la raba, uvirudishe ukivikandamiza mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Kama bado, weka kimoja kwanza, kisha kingine, ujue kibovu ni kipi. Mwite mshonaji asimame hapo unapowasha.

Sasa tuache kuzungukana. Mtu anayejua ni mwanao. Wewe unajua, na yeye anajua kwamba unajua.

Nilimsomea barua yako mezani. Nilipofika penye mlio alicheka kidogo, akasema, "Kumbukumbu tu. Kazi ya raba." Kisha akaacha kucheka. Akauliza, "Tangu Februari?" Akaichukua barua akaisoma mwenyewe. Akainuka akaosha kikombe chake, akakiosha tena, na kilikuwa safi.

Baba, mimi nafundisha watoto wadogo. Kila mwaka huwa yupo mmoja anayekaa nyuma, mpole, ukimuuliza lolote anasema ndiyo. Watu humwita mzito. Mimi humhamishia mbele yangu, ambapo anauona mdomo wangu, na baada ya wiki moja anageuka kuwa mtoto mwingine. Nimezisoma tena barua zako zote. Feni uliijua kwa kiganja. Cherehani za jirani unazijua kwa makopo kutetemeka. Mshonaji ndiye aliyekueleza ulichomkubalia msimamizi.

Masikio yako ni yako na daktari, siyaingilii. Ila lipo moja linaloihusu nyumba hii. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, mwanao alikupigia simu akiwa kituo cha basi. Aliporudi aliniambia ulichomjibu, na tangu siku hiyo hakukupigia tena. Nami nikanyamaza, nikidhani si mahali pa mkwe kuingia.

Usiku wa jana—hapana, ilikuwa bado jioni, Kidomo alikuwa hajalala—alikuja akasimama nyuma yangu akasema, "Muulize siku ile alisikia nini."

Basi nakuuliza.

Mkwe wako


Tarehe 2 Julai

Mpendwa mke wa mwanangu,

Natumaini mu wazima na mti ulisema vizuri. Samahani kwa kukawia. Kazi ilikuwa nyingi na sababu nyingine utaiona mbele.

Nilifanya kama mlivyoelekeza. Meno ya dhahabu yalikuwa meusi kwa vumbi la kuchongea, raba nzima imekwisha. Niliviweka vyote viwili, mshonaji akasimama na gauni lake begani. "Bado inalia," akasema. Nikatoa kimoja. "Inalia." Nikakirudisha hicho, nikatoa kingine. Akainua kidole kimoja. "Imelia kidogo tu, mara moja. Imeacha." Maandishi yalikuwa yanapanda kwenye skrini. Nilikaa kwenye kiti. Yeye akasema nitie maji usoni, nadhani ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo kibao kimoja ni kibovu, inakwenda na kimoja, polepole, lakini inakwenda. Herufi zipo zote. Hospitali walikuwa wamechoka kungoja, nusu ya milango ya juu wameipeleka kwingine. Nusu waliyoniachia nimeimaliza jana. Nilikwenda kuvifunga mwenyewe. Vya kwangu na vya yule mwingine vinatazamana kwenye ujia mmoja, na sitasema vipi ni vizuri zaidi.

Swali lako nimelibeba wiki zote hizi. Nilianza kulijibu nikachana karatasi.

Siku ile nilisikia sauti yake. Ni nzito kama ya marehemu baba yangu, hunifikia kuliko za wengine. Lakini maneno yalikuwa yameshikana, na nyuma yake magari yalikuwa yanapita. Nilipata "Baba," na mbele kidogo nikapata "nyumbani." Nikadhani ananieleza habari za nyumba yenu. Nilikuwa nimeshamwambia arudie, akarudia, na sikupata zaidi. Wiki hiyo muuza vyuma alikuwa amenicheka mbele ya watu kwa kumjibu nisichoulizwa, sikutaka mwanangu naye anicheke. Basi nikamwambia ninalowaambia wote nisipowapata. Nilisema, "Haya, haya, kaeni salama huko huko." Nikakata simu.

Nilikuwa na furaha siku nzima kwamba amenikumbuka. Nikangoja apige tena. Alipokaa kimya nilidhani ana shughuli, baadaye nikadhani amekua, hanihitaji. Simu nikaitia kwenye droo.

Alisema nini?

Baba


Tarehe 9 Julai

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na mti ulisema mpaka ukashushwa jukwaani. Leo siandiki mimi. Mume wangu amesema hii haandikiwi na mtu. Amekaa nayo tangu chakula cha mchana, na mistari unayoiona hapa chini ndiyo yote iliyotoka. Usimlaumu kwa mwandiko.

"Baba, shikamoo.

Siku ile nilisema hivi: Baba, kazi imekwisha, mahali nilipokuwa pamefungwa leo asubuhi. Naomba turudi nyumbani, nifanye kazi na wewe karakanani.

Ukasema, Haya, haya, kaeni salama huko huko. Nikalishika hilo la mwisho. Nilikaa kituoni mpaka mabasi mawili yakapita. Nilimwambia mama Kidomo kwamba umesema tubaki huku.

Ulipoandika kwamba mashine iko kimya, niliamini. Ningekuwa nimekuja mwenyewe ningeisikia nikiwa mlangoni. Nilikuambia imekufa, na haikuwa imekufa.

Sasa nina kazi nzuri, kwa hiyo siombi tena. Nilitaka tu ujue kwamba niliomba. Kibao cha kumbukumbu nimekupatia kingine, usikinunue huko.

Mwanao"


Tarehe 17 Julai

Wanangu wapendwa, wote wawili,

Nawasalimu, na Kidomo nambusu kwenye pengo. Nimefurahi kusikia mti ulishushwa, maana yake ulisikika.

Nilikwenda kwa mpimaji wa masikio. Mshonaji alifunga duka lake akanipeleka. Waliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakanivalisha vidude masikioni, wakasema ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa humo muda mrefu na mkono wangu ukiwa umepumzika pajani. Nikadhani hawajaanza. Mpimaji akanionyesha mchoro. Sauti nyembamba zimekwenda, nzito zimebaki. Anasema ni ile mashine ya kuchonga, miaka yote hiyo inanipigia kelele karibu na uso na mimi sikuwahi kuvaa kitu. Watanipa vifaa vya kuvaa, vya pande zote mbili, vikifika. Mshonaji anasema akiniona navyo atanieleza yote aliyowahi kunisema nikiwa nimempa mgongo.

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko mbili.

Ile ya kuniambia imekufa usiibebe. Mtu hutibu kwa anachoambiwa, na mimi nilikuambia iko kimya.

Jibu la uliloniomba ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo siku ileile. Kama ningelisikia ningekuja mwenyewe hapo kituoni kubeba mizigo, goti au hakuna goti. Najua limekuja likiwa halina tena kazi, una kazi yako na mtoto ana shule yake. Siwaambii mhame. Nalijibu kwa sababu uliuliza, na mtu akiuliza anajibiwa.

Agosti shule zinafungwa. Mama Kidomo atakuwa likizoni, na wewe omba siku chache. Kile kibao cha kumbukumbu usimpe dereva, kilete mwenyewe. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Kidomo atalala na mama yake penye dirisha, na wewe utalala karibu na mlango kama zamani, maana nakumbuka unavyokoroma na hilo nadhani bado nitalisikia. Mkinisemesha mkae mbele yangu, penye mwanga, msipige kelele, semeni tu taratibu. Mwambieni mtoto nitamwomba arudie sana, asidhani sitaki maneno yake.

Mkifika msisimame nje mkibisha hodi. Sukumeni mlango muingie.

Baba yenu